Kifungua kinywa bila friji: kazi ya usiku ni ipi, na ya alfajiri ni ipi?

Swali: Naishi Kivule, Dar es Salaam, na mume wangu na watoto wawili, wa miaka 7 na 11. Sote tunatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sisi kuwahi daladala, watoto kupitiwa na basi la shule. Sina friji, na napikia gesi ya mtungi mdogo wenye jiko moja juu yake. Asubuhi tunaishia kunywa chai ya sukari nyingi na maandazi ya jirani. Nilijaribu kupika uji wa unga wa lishe usiku na kuutia kwenye chupa ya chai, lakini alfajiri naukuta umelegea kama maji na una harufu. Kliniki nako mume wangu kaambiwa sukari yake imeanza kupanda. Naomba utaratibu wa kuandaa kifungua kinywa chenye afya tangu usiku, bila kuamka saa tisa.

Jibu: Dada, kwanza tuumalize huo uji wa chupa, maana ukijua kilichouharibu utajua pia cha kufanya na cha kuacha katika mengine yote.

Uji uliopikwa ukaiva hauwezi kugeuka maji wenyewe. Ukikaa bila kuguswa huwa mzito zaidi, kwa sababu wanga ukipoa hushikana. Ukiukuta umelegea, ujue kuna kimeng'enya kilichokuwa kikiukata wanga usiku kucha, na vyanzo vyake vya kawaida ni vitatu. Cha kwanza ni kimea: baadhi ya unga wa lishe huwa na nafaka iliyooteshwa, na uji wake usipochemka vya kutosha, kimeng'enya cha kimea hubaki hai na kuendelea na kazi ndani ya joto la chupa. Cha pili ni mate. Ukionja kwa mwiko kisha ukaurudisha sufuriani, umetia kimeng'enya kilekile kinachomeng'enya wanga mdomoni. Cha tatu, na ndicho harufu inachokisema, ni bakteria. Mbegu za baadhi ya bakteria huhimili kuchemka. Uji ukiwa wa moto sana zimelala, lakini ukishuka chini ya nyuzi 60 zinaamka na kuzaana. Chupa nyingi za nyumbani, hasa zilizozeeka au zenye kifuniko kilicholegea, haziwezi kushikilia joto la kutosha kwa saa nane. Ukiwa ulitia na maziwa, umewapa karamu.

Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa mbili, na kipashwe moto hadi nyuzi 70 au zaidi kabla ya kuliwa. Usiku wa Dar es Salaam, jikoni kuna nyuzi 26, 28, hata 30. Kwa hiyo kwa nyumba isiyo na friji, mwiko ni huu: usiku usipike chakula chenye majimaji ukakilaza. Usiku pima, loweka, chachusha, osha, chambua na panga. Moto uwashwe alfajiri, na uwe wa dakika chache kwa sababu kazi ndefu imeshafanyika.

Hapo wengi watauliza kuhusu kiporo. Wali wa jana na chai ni kifungua kinywa cha nyumba nyingi, na hakuna anayetaka kumwaga chakula. Ila wali ndio kiporo cha kuogopwa zaidi. Kuna bakteria wa mchele, *Bacillus cereus*, ambaye mbegu zake hupona kwenye sufuria inayochemka, na akikua ndani ya wali uliolala hutoa sumu ya kutapisha ambayo moto wa jikoni hauiharibu. Ndiyo maana mtu anaweza kuupasha wali hadi unatoa moshi na bado akaumwa tumbo. Wali wa nazi hauna nafuu yoyote. Bila friji, pika wali wa kuliwa ukaisha.

Chupa ya chai iwekewe maji, si uji

Badiliko dogo litakalokuokolea gesi na muda ni hili. Kabla ya kulala chemsha lita moja ya maji. Isuuze chupa kwanza kwa maji ya moto na uyaache ndani dakika tano ili kioo kipate joto, yamwage, kisha jaza maji yanayochemka hadi karibu na mdomo. Nafasi ya hewa ikiwa kubwa, joto hupotea haraka. Alfajiri utayakuta yana moto mwingi, na kuyarudisha kwenye mchemko hakuchukui muda wa kutoka maji ya bomba. Hata yakipoa, hayana wanga wala maziwa ya kulisha bakteria, na utayachemsha tena. Chupa iliyowahi kulaza uji ioshwe kwa brashi hadi chini, na mpira wa kifuniko utolewe uoshwe peke yake. Mabaki yaliyojificha pale ndiyo huambukiza uji wa kesho hata kama umepikwa vizuri.

Uji wa kuchachusha

Katika vyote vinavyoweza kuandaliwa usiku, ningeupa huu nafasi ya kwanza, tena kwa nyumba isiyo na friji kama yako, kwa sababu joto linaloharibu vyakula vingine ndilo linalouivisha huu. Unga na maji vikilala, bakteria wa asidi ya laktiki huzaana na kuuchachua mchanganyiko, na uchachu huo huwazuia wengi wa wale wabaya. Faida ya pili imo ndani ya nafaka. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine tunazokula, zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100, na madini ya chuma pia yamo. Lakini nafaka nzima ina fitati, kitu kinachoyashika madini hayo yasisharabiwe tumboni. Kuloweka na kuchachusha hupunguza fitati. Unga uleule, kwa kulala tu ndani ya maji, unampa mtoto zaidi.

Nunua ulezi wa punje, si unga wa dukani usioujua. Upepete, uoshe mara nne au tano kwa kuumimina kutoka beseni moja hadi jingine ili mchanga ubaki chini, ukaushe juani hadi ukakamae, kisha ukausage bila kukoboa. Kilo mbili zitawatosha kama wiki mbili.

Mbegu ya uchachu utaitengeneza mara moja tu. Ijumaa jioni changanya nusu kikombe cha unga na kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa, kwenye bakuli la udongo, kioo au plastiki safi ya chakula. Usitumie sufuria ya alumini, kwa sababu asidi huila ikilala humo. Funika kwa kitambaa safi au kawa. Dar es Salaam, Jumamosi jioni utaanza kuona vipovu na kusikia harufu ya uchachu mtamu inayokaribia ya maziwa mgando. Bado ikiwa dhaifu, iache hadi Jumapili. Njombe, Makete, au Nairobi mwezi wa Julai, hesabu siku mbili hadi tatu, na bakuli lisogezwe karibu na jiko. Ukiona madoa ya rangi ya waridi, kijani au meusi juu, au harufu ya kuoza badala ya uchachu, mwaga yote, chemsha bakuli kama linahimili, anza upya. Usikwangue doa ukadhani umemaliza.

Jumapili usiku sasa, kwa watu wanne: unga wa ulezi kikombe kimoja na robo, takriban gramu 150, maji yaliyochemshwa yakapoa mililita 400, na vijiko vitatu vikubwa vya ile mbegu. Koroga, funika, weka mbali na mende na sisimizi. Kuweka bakuli ndani ya beseni lenye maji kidogo ni kinga tosha ya sisimizi. Kwa joto la Dar, saa nane zinatosha.

Alfajiri, kabla ya kitu chochote, koroga hadi chini kabisa. Unga huwa umetulia na kushikana kama udongo, na ukimimina bila kuukoroga utatia maji juu na bonge mwishoni. Chota vijiko vitatu vikubwa weka kwenye kikombe chenye mfuniko: hiyo ndiyo mbegu ya usiku unaofuata. Ukisahau hapa, utakumbuka uji ukiwa umeshaiva, na mbegu iliyopikwa imekufa. Mimina maji ya chupa kwenye sufuria, yachemke kwelikweli, punguza moto, kisha mimina mchanganyiko taratibu huku mkono mwingine unakoroga. Ukianza kutokota, hesabu dakika kumi. Ulezi ambao haukuiva huacha ladha ya unga mbichi kooni, na watoto wataukataa kwa sababu hiyo kabla hujafika kwenye uchachu.

Mabonge hutokea kwa sababu moja: unga mkavu au mzito ukikutana na maji ya moto, sehemu ya nje huiva ghafla na kuziba ya ndani isipate maji. Mchanganyiko uliolala ukalowa vizuri hauna tabia hiyo, mradi umekorogwa. Na kama uji umekuwa mzito, ongeza maji ya moto. Ya baridi huukata.

Maziwa ndiyo mtego wa uji wa kuchachusha. Ukiyatia wakati uji unachemka yatakatika, kwa sababu protini ya maziwa hugandishwa na asidi, na moto huharakisha. Hayajaharibika, ila mtoto akiona vile vipande hatakunywa. Kuna njia mbili. Epua sufuria, acha dakika tano, kisha tia maziwa yaliyochemshwa kidogokidogo ukikoroga. Yakikatika hata hivyo, uchachu wako umezidi, na usiku unaofuata tumia vijiko viwili vya mbegu badala ya vitatu. Au acha maziwa kabisa siku za uji mchachu, tumia karanga.

Hili la karanga au maziwa si la mapambo. Gramu 150 za ulezi zina protini ya gramu 11 hivi, na mkigawana wanne kila mtu anapata chini ya tatu. Mtu aliyekunywa uji mtupu saa kumi na moja, saa tatu anatafuta andazi, na hapo lawama humwangukia yeye wakati kosa ni la kikombe. Karanga gramu 60, pungufu kidogo ya nusu kikombe, huongeza gramu 15 kwenye sufuria nzima. Nusu lita ya maziwa huongeza 16. Tia kimoja kati ya hivyo, na yai au kiazi pembeni panapo uwezo.

Karanga na huo unga wa lishe

Unga wa lishe wenye mahindi, mchele, soya, karanga, ulezi, mtama na dagaa ndani ya mfuko mmoja unasifiwa sana, na hapa sikubaliani na sifa zote. Karanga zikisagwa mafuta yake hutoka na kuanza kuchacha, na zikikaa ndani ya unga mwezi mzima kwenye joto na unyevu wa pwani zinafanya mfuko wote unuke. Soya isipokaangwa au kupikwa vizuri huzuia umeng'enyaji wa protini. Kubwa kuliko yote ni sumukuvu. Kuvu wa karanga na mahindi hutoa sumu inayoumiza ini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mwaka 2004 iliua zaidi ya watu 100 mashariki mwa Kenya, kwenye maeneo kama Makueni na Kitui. Mara zote mbili mahindi ndiyo yalihusika. Punje ikishasagwa huwezi tena kuona ilikuwa na hali gani.

Nunua karanga nzima. Usiku, mkiwa mnaangalia taarifa ya habari, zimwage kwenye ungo mzichambue: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zenye vumbi la kijani au jeusi, zote nje, na kuku wasipewe. Watoto wa miaka 7 na 11 wanaiweza kazi hii. Kaanga za wiki moja tu, zikipoa zitie kwenye chupa kavu yenye mfuniko, na kila usiku twanga za kesho. Huingia kwenye uji dakika tano za mwisho. Zikitangulia, uji hushika chini na kuungua.

Viazi, magimbi na mayai

Jiko lako ni moja, kwa hiyo siku usizopika uji chagua vitu vinavyoiva kwenye sufuria moja. Viazi vitamu na mayai vinakubaliana vizuri. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, ndivyo bora kwa watoto kwa sababu ya vitamini A. Inahitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee, na kiini cha yai au karanga chache vinatosha.

Usiku visugue kwa brashi hadi udongo uishe, kata ncha mbovu, vifute na uviache vikavu kwenye sufuria. Usivimenye wala kuvikata. Kiazi kilichomenywa usiku hubadilika rangi kikikaa wazi, na kikilala ndani ya maji kinapoteza sehemu ya vitamini zinazoyeyuka, hasa vitamini C. Kuvichemsha usiku ukavilaza navyo hakufai. Kwenye joto la pwani huanza kuteleza juu kabla ya asubuhi. Alfajiri vikate vipande vya sentimita nne, mimina maji ya chupa, na ndani ya dakika 15 hadi 20 vimeiva. Mayai yaoshe wakati huohuo wa kuyapika, si usiku. Ganda lina utando mwembamba wa kuzuia bakteria, na ukiuosha ukaliacha yai lilale umeondoa kinga yake. Yatie kwenye sufuria ya viazi dakika 10 au 11 kabla ya kuepua.

Magimbi ni ya Jumamosi. Yanachukua muda mrefu, na yasipoiva yanawasha koo. Mihogo chagua ile mitamu unayoijua ilikotoka, imenye vizuri na uichemshe bila kufunika. Mihogo michungu haitengenezwi kwa kulowekwa usiku mmoja.

Mbegu ya uji siku hizo usiisahau. Mwaga nusu, ilishe vijiko viwili vya unga na maji kiasi hichohicho. Ikikaa siku mbili bila kulishwa inakuwa kali mno.

Choroko za mwisho wa wiki

Kikombe nusu cha choroko, gramu 100 hivi, kina protini kama gramu 24, nyingi kuliko sufuria nzima ya uji wa ulezi mtupu. Chambua mawe, osha, loweka kuanzia saa mbili usiku kwa maji mara tatu ya ujazo wake. Ukienda kulala badilisha maji, maana kwenye joto letu maji ya kulowekea huanza povu. Asubuhi mwaga yote, suuza, chemsha kwa maji mapya: dakika 20 hadi 25. Nyanya, kitunguu na tui kidogo baadaye. Nyanya zikitangulia, asidi yake huchelewesha kuiva. Maharage mekundu ni habari nyingine. Yana sumu ya asili ambayo huisha kwa mchemko mkali wa dakika kumi au zaidi, na haiishi kwa joto la wastani. Kwa hiyo yale mafunzo ya kutia maharage na maji moto ndani ya chupa ya chai yaive yenyewe usiku, yaache kabisa.

Matunda, chai na sukari

Matunda osha usiku, yakaushe, yalale mazima. Papai lililokatwa usiku linatoa maji, ndizi na parachichi vinakuwa vyeusi, na vitamini C hupungua kila tunda linapokaa limekatwa. Pera likipatikana lichukue mbele ya chungwa, kwani lina vitamini C mara kadhaa zaidi, na vitamini hiyo ndiyo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya ulezi na choroko. Ubuyu mweupe nao unafaa, kijiko kimoja ndani ya kikombe cha uji uliokwisha kuepuliwa.

Majani ya chai hufanya kinyume. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kisisharabiwe, na kwa watoto wanaokua hilo ni hasara ya kila siku. Mnaoipenda inyweni saa nne kazini. Nyumbani alfajiri, mchaichai au tangawizi bila majani ya chai vinatosha kupasha mwili.

Sukari ipimwe usiku. Weka vijiko viwili vikubwa kwenye kikopo kidogo, kwa sufuria nzima, na kile kikopo kikubwa kirudi kabatini. Mkono wenye usingizi haupimi. Vijiko hivyo viwili ni kama gramu 24, yaani gramu 8 kwa kila mmoja wa watu watatu, kwa sababu mzee wa nyumba hayumo katika hesabu hiyo. Wiki ya pili punguza kiwe kijiko kimoja na nusu, au ponda ndizi mbivu moja ndani ya uji wa watoto.

Kikombe cha mume wako

Ulezi una sifa ya kuwafaa wenye sukari, na sifa hiyo imezidishwa. Punje nzima ni kitu kimoja, unga uliosagwa laini ukapikwa dakika kumi ni kingine: wanga wake unaingia haraka kwenye damu. Mchotee uji wake kabla hujatia sukari, kikombe cha mililita 200, wenye karanga, pamoja na yai au choroko na mboga za majani zilizobaki kwenye fungu (mbichi, si zilizopikwa jana). Siku za viazi, vipande viwili vya ukubwa wa yai na mayai mawili. Juisi asinywe hata ikiwa ya kukamua nyumbani; tunda lenyewe ale, moja. Na kama kliniki imemwandikia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide, asitumie dawa akatoka bila kula, sukari inaweza kushuka njiani. Vipimo vyake vya kliniki ndivyo vitakavyoamua kiasi, wala si karatasi hii.

Dakika ishirini za usiku

Zifanye mara baada ya kuosha vyombo vya chakula cha usiku, kabla hujakaa. Ukishakaa hutainuka. Moto uwe wa kwanza: maji ya chupa na ya kuchanganyia yabandikwe wakati unafanya mengine. Pima unga, changanya na mbegu ukitumia maji yaliyopoa ya jana, twanga karanga, pima sukari, sugua viazi kama ndiyo zamu yake, osha matunda. Kisha panga meza: vikombe vinne vimeinamishwa, vijiko, mwiko, sufuria tupu juu ya jiko, kiberiti pembeni. Jaza ndoo, maana mgao wa maji hautoi taarifa. Utikise mtungi wa gesi. Gesi kuisha katikati ya uji ni jambo la kawaida, na kilo chache za mkaa zilizopangwa jikoni tayari zimeokoa asubuhi nyingi.

Kwa mpango huu amka saa kumi na dakika arobaini. Saa kumi na moja na dakika kumi mnakunywa.

Watoto wakitaka cha kubeba, wape tunda zima. Yai na kiazi wale nyumbani. Saa nne ni mbali mno kwa chakula kilichopikwa kikafungiwa ndani ya mkoba wa moto.

Wenye friji wana njia nyingine, oti ya kulala (nafaka ya oats iliyolowekwa usiku kucha), wazo lililotokana na chakula cha daktari Maximilian Bircher-Benner wa Uswisi miaka ya 1900 mwanzoni. Gramu 50 za oti, mililita 150 za mtindi usio na sukari au maziwa, kijiko cha karanga zilizotwangwa, tunda likatwe asubuhi. Hiyo ni ya kulala ndani ya baridi, si juu ya meza ya Kivule, na umeme ukikatika kwa muda wa saa nne au zaidi usiku huo, isiliwe.

Swali moja utakalokutana nalo baada ya mwezi: mkisafiri wiki nzima, mbegu ifanyweje? Itandaze nyembamba kwenye sahani safi, ianike ikauke kabisa, iponde, itie kwenye karatasi mahali pakavu. Mkirudi, tia kijiko kimoja ndani ya maji na unga, uipe siku nzima badala ya usiku mmoja. Ikigoma kutoa vipovu, anzisha nyingine Ijumaa jioni, na hadi Jumapili mle viazi.